Tunauza kwa gunia, tunanunua kwa robo

Simama kando ya duka lolote hapa Cheptais jua likishazama upande wa Uganda, usikilize. "Sukari robo." "Saladi ya ishirini." "Majani ya kumi." "Sabuni kipande." Wanaoagiza ni watoto wengi wao, sarafu zimebanwa kiganjani, mkono wa pili umeshika chupa tupu ya soda ya kutilia mafuta. Mwenye duka hana haja ya kuwauliza kwao wako wangapi wala leo wanapika nini. Anayajua majiko ya watu kuliko chifu. Kati yao hakosi mmoja asiye na sarafu. "Mama amesema umwandikie." Naye anaandikiwa.

Miezi michache nyuma, katika boma zile zile, gari lilisimama langoni. Vijana walipakia mahindi, vitunguu, viazi na kabeji, gunia juu ya gunia, na mzigo ukateremka Chwele, mwingine ukafika Bungoma na Kitale. Hakuna aliyeuza kitunguu kimoja kimoja. Mkulima wa mlima huu wa Elgon anapouza huwa mfanyabiashara wa jumla, tena wa jumla iliyopitiliza, kwa maana gunia lenyewe hushonewa kilemba hadi libebwe na wanaume watatu. Akigeuka kununua, anakuwa mteja mdogo kuliko wote nchini.

Hapo ndipo fedha zetu zinapopotelea, na ndipo ninapotaka tugombane kidogo. Msimamo wangu ni huu: familia nyingi za Cheptais, Chesikaki, Kopsiro na Kipsigon hulipa bei ya juu kwa chakula kwa sababu hununua kidogo, na kila moja peke yake. Dawa yake tunayo tayari, inaitwa chama. Lakini chama kile kile kinachotuokoa kinaweza kututia hasara tusipojua kipi kinunuliwe kwa wingi na kipi kiachwe dukani.

Bei ya udogo

Tufanye hesabu. Bei hupanda na kushuka, na msomaji wa Kapsokwony ana zake, kwa hiyo zichukulieni hizi kuwa za mfano tu. Tuseme mfuko wa sukari wa kilo 50 unauzwa shilingi 6,750 katika duka la holseli mjini Bungoma. Hiyo ni shilingi 135 kwa kilo. Hapa kwetu, robo inauzwa 45. Robo nne ni 180. Kila kilo inayoingia nyumbani kwa robo robo imebeba shilingi 45 za ziada.

Mafuta ya kupima ni vivyo hivyo. Dumu la lita 20 likiwa 4,600, lita moja ni 230. Robo lita ikipimwa kwa shilingi 80, lita imekuwa 320. Tofauti ni shilingi 90.

Nyumba inayotumia kilo nne za sukari na lita mbili za mafuta kwa mwezi inalipa shilingi 360 zaidi kila mwezi kwa bidhaa hizo mbili tu. Sijagusa sabuni, chumvi, mchele, kiberiti wala majani ya chai. Kwa mwaka ni shilingi 4,320. Nani kati yetu, akiambiwa ahesabu shilingi 4,320 taslimu mezani aziache dukani bure, angekubali? Lakini tunaziacha, kwa kuwa zinatoka kumi kumi na hazijiti kwa jina. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga, na kibaba kinachojaa hapa ni cha mtu mwingine.

Mwenye akili za haraka atasema: basi Jumamosi nitapanda matatu mwenyewe, nishuke Bungoma nikanunue. Subiri. Nauli ya kwenda na kurudi tuiweke 500. Umeokoa 360, umelipa 500, na bado hujanywa chai. Tena holsela hakupimii kilo nne. Atakuonyesha mfuko mzima. Maskini hakosi hesabu, kama wanavyodhani wanaomhubiria kuhusu kuweka akiba. Anajua fika kwamba kwa fedha alizo nazo leo, robo ndiyo safari fupi zaidi. Anachokosa ni wenzake ishirini na wanne.

Wakiwa 25, hesabu inageuka. Mifuko miwili ya sukari kwa mwezi ni kilo nne kwa kila mtu. Madumu matano ya mafuta kila baada ya miezi miwili ni lita nne kwa kila mtu. Nauli ya mnunuzi na gharama ya mzigo tuseme ni shilingi 1,000 kwa mwezi: kila mwanachama anatoa 40. Kwa mwaka ni 480. Zinabaki shilingi 3,840 mfukoni mwa kila nyumba.

Shilingi 3,840 ni nini? Mchango wa chini kabisa wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na asiye na ajira ya mshahara anatakiwa aulipe kwa mwaka mzima. Tangu mpango huo uanze Oktoba 2024 nimesikia watu wengi mlimani wakisema hawana pa kuutoa. Kwa nyumba nyingi, fedha hizo zimo ndani ya robo za sukari na saladi ya ishirini.

Wenzetu wanalipa kiingilio

Ndugu zetu walioko Marekani hutusimulia kuhusu maduka makubwa kama uwanja wa ndege, ambamo huingii bila kadi ya uanachama. Hawatii chumvi sana. Duka la kwanza la aina hiyo, Price Club, lilifunguliwa San Diego mwaka 1976 na mfanyabiashara Sol Price, ndani ya jengo lililokuwa banda la ndege. Mwaka 1983 Costco ikafungua duka lake la kwanza mjini Seattle, na mwaka huo huo Walmart ikaanzisha Sam's Club. Price Club na Costco ziliungana mwaka 1993. Tangu Septemba 2024, kadi ya kawaida ya Costco nchini Marekani hulipiwa dola 65 kwa mwaka.

Kwa nini mtu alipe ili aruhusiwe kwenda kutumia fedha zake? Kwa sababu ada hiyo ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya faida ya kampuni, na kwa hiyo bidhaa zenyewe zinaweza kuuzwa kwa nyongeza ndogo. Duka kama hilo huweka aina zipatazo 4,000 tu za bidhaa, wakati supamaketi ya kawaida ya huko huweka makumi ya maelfu. Aina chache, kila moja kwa wingi wa kutisha. Mwenye kununua makontena ya bidhaa moja husikilizwa na kiwanda.

Lakini hao hao ndugu zetu, ukiwabana, watakiri kwamba mtu huingia kutafuta mchele akatoka na mtungi wa achari wa lita nne, blanketi na televisheni. Kadi inaokoa fedha za aliyekwenda na orodha. Asiye na orodha hulipa dola 65 apate ruhusa ya kupoteza nyingine.

Hapa kwetu kampuni hazijakaa bure. Game, duka kubwa la Afrika Kusini la kampuni ya Massmart, lilifungua milango Nairobi mwaka 2015 na kufungasha virago mwishoni mwa 2022. Copia, iliyoanza mwaka 2013, ilijaribu jambo lililo karibu zaidi na sisi: kuwafikishia watu wa vijijini bidhaa kupitia maduka ya mawakala, mteja akiagiza kwa simu. Mei 2024 ikawekwa mikononi mwa wasimamizi baada ya kukosa fedha za kuendelea. Kupeleka vifurushi vidogo kwenye vijiji vilivyotawanyika ni kazi ghali, na mwenye kampuni lazima alipie gari, dereva, ghala na riba.

Chama hakina ghala la kodi wala dereva wa mshahara. Kina mama mmoja mwenye chumba kisichovuja na wanachama wanaokuja kuchukua mzigo wao kwa miguu. Ndiyo maana ninaamini kitaweza pale kampuni ziliposhindwa.

Matanga yametufundisha, hatukusikia

Anayesema watu wa huku hawawezi kununua pamoja hajahudhuria matanga. Mtu akifariki leo usiku, kesho kutwa kamati imeundwa, mweka hazina ameteuliwa, michango inaingia kwa simu, na kijana amekwisha tumwa Chwele kuleta gunia la mchele, bale za unga, dumu la mafuta na mfuko wa sukari kwa bei ya jumla. Hakuna kamati ya matanga iliyowahi kununua sukari robo. Wangechekwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa sherehe za tohara. Ndugu zetu Wabukusu wanapotahiri vijana wao mwezi Agosti, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, holsela wa Bungoma na Kimilili anajua mapema. Familia moja huweza kununua kwa siku moja sukari ambayo kwa kawaida ingeimaliza kwa mwaka.

Yaani ujuzi tunao. Tunajua kuchanga, kuagiza, kusafirisha, kugawa na hata kuhesabu kilichobaki. Tunautumia kumsindikiza marehemu, halafu walio hai tunawarudisha kwenye robo. Hata kahawa tunauza kwa pamoja. Mlima huu umekuwa na vyama vya ushirika vya wakulima kwa miaka mingi, Chesikaki kikiwa kimoja. Kwa nini ushirika wetu ukomee kwenye kuuza?

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko Kenya. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, waliochoshwa na bei na unga uliochanganywa na takataka, walichanga fedha wakafungua kiduka. Walianza na unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa. Ni bidhaa chache. Kanuni yao moja ninaipenda kwa ukali wake: hakuna kukopa. Nyingine ilikuwa kwamba faida inarudi kwa mwanachama kulingana na alivyonunua. Ushirika mwingi duniani unajihesabu kuwa mjukuu wa kiduka hicho.

Serikali za kwetu nazo zilijaribu, kwa njia zake. Supamaketi ya Uchumi ilianzishwa mwaka 1975 ili wananchi wapate bidhaa muhimu kwa bei nafuu, lakini iliishia kuporomoka. Tanzania, mwaka 1976, ilikuja na Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili nafasi yake ichukuliwe na ya ushirika, na matokeo yake yakawa rafu tupu hadi serikali ikalegeza kamba. Ushirika wa amri haujazi rafu.

Mwenye duka si adui

Kabla mwenye duka jirani hajaacha kunisalimia, nimtetee. Bei yake ya juu ina sababu. Yeye ndiye aliyelipa nauli ile ya 500. Yeye ndiye aliyeganda na fedha zake kwenye mfuko ambao utaisha baada ya wiki tatu. Sukari inayomwagika kwenye mizani ni yake, panya ni wake, na lile daftari la madeni ni lake, pamoja na majina ya watu waliohamia Kitale bila kumuaga. Usiku mtoto akiugua na glukosi ikahitajika, hakuna holsela wa Bungoma utakayemgongea dirisha.

Kwa hiyo sisemi tumwache. Nasema tumlipe kwa yale ambayo sisi hatuwezi kujifanyia: dharura, bidhaa za mara moja moja, na ule mkopo wa siku mbili tatu. Sukari, ambayo kila nyumba inajua itainywa kesho na keshokutwa hadi Krismasi, haina dharura yoyote. Tena baadhi ya wenye maduka ni wanachama wa vyama hivi hivi, na wakiagiza mzigo wao pamoja na wa chama, gari ni moja na gharama inapungua kwa wote. Biashara haigombi.

Jambo lingine husahauliwa na wanaotushauri kutoka mijini. Kununua kidogo ni kinga. Dumu la lita 20 likishushwa kutoka kwenye bodaboda mchana kweupe, kijiji kizima kimeliona. Ikifika jioni, shemeji anaomba nusu kikombe, jirani anaomba "ya kukaangia mboga tu", na ukikataa umekuwa mtu wa namna gani? Hata ndani ya nyumba yenyewe, sukari ya kilo nne hunyweka kwa mkono mzito kuliko ya robo. Chai iliyokuwa na vijiko vitatu inakuwa na vitano. Watoto wanailamba. Akiba yote ya mwezi imeisha kabla ya tarehe ishirini, na mama anarudi dukani kununua robo, sasa akiwa amelipa mara mbili.

Hili ndilo shimo kubwa la kununua kwa wingi, na halizibwi kwa mahubiri. Vyama vyenye busara huacha mzigo katika chumba cha chama na kumpimia kila mwanachama kwa wiki. Jirani akija kuomba, jibu la kweli liko tayari: nyumbani hamna, iko kwa chama. Ninawajua wanawake wanaosema hiyo ndiyo faida kubwa kuliko hata bei.

Kipi kibebwe, kipi kiachwe

Akiba haiozi, wanasema. Aliyesema hivyo hakuwahi kufungua bale ya unga wa mahindi iliyokaa miezi mitatu karibu na ukuta wenye unyevu, mwezi wa saba, mlimani.

Chumvi, sabuni ya mche, sabuni ya unga, sukari, kiberiti, majani ya chai, karatasi za chooni na sodo za wasichana: hivi havina haraka ya kuharibika vikikaa pakavu. Sukari inataka mfuko uliofungwa vyema, juu ya mbao, mbali na sakafu ya saruji. Mafuta yanakaa vizuri kwenye dumu lililofungwa, lisilopigwa na jua. Likishafunguliwa na kufunguliwa kila siku hubadilika harufu, ndiyo sababu chama kinafaa kufungua dumu moja baada ya jingine. Mchele ununuliwe wa mwezi mmoja, kwa sababu fukusi hawana chama lakini hujua kuchangia.

Unga wa ngano wa Desemba ununuliwe Desemba. Unga wa mahindi usinunuliwe kwa wingi kabisa na mtu mwenye mahindi yake na kinu cha kusagia karibu. Nyanya, maziwa na sukuma wiki tumwachie mama mboga. Na chochote ambacho nyumba haikuwa inakitumia kabla, hata kiwe kwa nusu bei, ni hasara iliyofungwa vizuri.

Mbolea nayo iingie kwenye orodha. Mbolea ya ruzuku imekuwa ikiuzwa shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50 tangu 2023, lakini bohari ziko mbali na nyumba nyingi za mlimani, na mkulima wa nusu ekari huishia kununua mbolea ya kupimwa kwa kilo kutoka dukani, kwa bei ya kupimwa kwa kilo. Wakulima kumi na gari moja wangelimaliza jambo hilo asubuhi moja.

Kuhusu mpaka wa Uganda pale Lwakhakha, najua mtaniuliza. Ndiyo, kuna siku bidhaa upande wa pili huwa rahisi. Mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki ana utaratibu wake uliorahisishwa mpakani kwa mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Ufuateni, mwombe hati. Sukari ya kupitia vichochoroni ikikamatwa, chama kizima kimepoteza mchango wa mwezi, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Daftari kabla ya mfuko

Chama kikianza kushika bidhaa, kinashika kishawishi. Nimeona vikundi vya kuchangia Krismasi vikivunjika Novemba, mweka hazina akiwa hapatikani kwa simu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye sukari hupotea hata ikiwa na daftari, ikiwa mizani haipo.

Kwa hiyo chama kinunue mizani kabla ya kununua mfuko wa kwanza. Waende watu wawili, wasiwe wa nyumba moja, na zamu ibadilike. Risiti isomwe mbele ya wote kabla ya kopo la kwanza kupimwa. Mzigo ugawiwe kwa mizani, si kwa gorogoro, maana sote tunajua gorogoro lililobonyezwa tako linavyoweza kumnyima mtu kiganja kizima. Fedha zitolewe kabla ya safari. Ambaye hakutoa mwezi huu hana mzigo mwezi huu, awe mwenyekiti au mke wa mchungaji. Na chama kisajiliwe. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 ipo kwa ajili hiyo, ili siku mtu akitoroka na fedha, aliyeibiwa awe na jina mbele ya ofisa.

Fedha za mkopo ziachwe kabisa. Ukichukua mkopo wa simu wa Fuliza ili ununue mfuko wa sukari, ada inazila zile shilingi 45 kabla sukari haijafika jikoni. Chama kianze na kidogo kilichopo, hata kama ni mfuko mmoja kwa watu 25 mwezi wa kwanza, kilo mbili kila mmoja. Tofauti iliyookolewa mwezi huo ndiyo iongezee mtaji wa mwezi unaofuata.

Gunia lililotoka nyumbani

Yote niliyosema ni madogo mbele ya hili. Bidhaa kubwa kuliko zote inayonunuliwa rejareja katika nyumba za mlima huu ni mahindi, na mara nyingi ni mahindi ya mnunuzi mwenyewe.

Tuseme mkulima anauza gunia la kilo 90 mwishoni mwa mwaka kwa shilingi 3,000, kwa sababu Januari inakuja na karo na kila mtu ameingiza mahindi sokoni wiki moja. Kufikia Mei au Juni, ghala lake tupu, ananunua kwa gorogoro. Gunia ni takriban gorogoro 40. Kwa shilingi 120 kila moja, amelinunua tena gunia lake kwa 4,800. Shilingi 1,800 kwa gunia moja zimekwenda, na nyumba ya watu saba haili gunia moja. Hasara ya sukari ya mwaka mzima haikaribii ya magunia kadhaa.

Sisemi asiuze, karo haingoji. Nasema ahesabu magunia ya kuliwa kwanza, ayafunge, na kinachobaki ndicho kiitwe mazao ya kuuza. Leo kuna mifuko isiyopitisha hewa, ile ya PICS iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya kunde za Kameruni na sasa inauzwa katika maduka ya pembejeo hapa Kenya. Dumuzi na fukusi hufia ndani yake bila dawa. Sharti ni mahindi yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5, la sivyo umefunga sumu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125, hasa katika maeneo ya Ukambani, kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kipimo cha unyevu ni ghali kwa mkulima mmoja, lakini kwa chama cha watu 25 ni mchango wa mara moja.

Na kwa anayehitaji fedha Januari bila kupoteza mahindi, Kenya ina Sheria ya Stakabadhi za Ghala tangu 2019. Mkulima huweka nafaka katika ghala lililoidhinishwa, hupewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo inaweza kuwa dhamana ya mkopo wakati anangoja bei ipande. Tanzania wameutumia mfumo wa namna hiyo kwenye korosho kwa miaka mingi. Kwetu bado ni habari ya wakulima wakubwa wa Trans Nzoia, na sioni kwa nini iendelee kuwa hivyo. Wawakilishi wetu wa wadi, ambao hupenda kuahidi masoko mapya yenye mabati mekundu, wangetuletea ghala moja lililoidhinishwa Cheptais ningewasamehe masoko matatu.

Ninyi wenye vyama, mkikutana wiki hii ongezeni jambo moja kwenye ajenda kabla ya maombi ya kufunga. Mtu mmoja apige simu kwa maduka mawili ya holseli, moja Bungoma na moja Kitale, aulize bei ya mfuko wa sukari na dumu la mafuta. Mwingine aandike kila nyumba inatumia kiasi gani kwa mwezi. Kisha ulizaneni, kwa zamu na bila aibu, ni nani mwaka huu alinunua tena mahindi aliyoyauza mwenyewe.